Anayeweka Tone Asihesabu

Zamani mtu akitaka kujua kama mishipa ya damu imeota ndani ya yai, alikaa kwenye stuli akaitazama kwa jicho lake mwenyewe mpaka shingo ikakakamaa. Siku hizi anabonyeza kitufe, anakwenda kunywa chai, na akirudi anakuta jibu limemtangulia mezani.

Bwana Mayai alikuwa mtu wa zamani. Jina hilo walimpa wafagiaji wa maabara, kwa kuwa kila asubuhi walimwona akipanda ngazi na trei ya mayai kifuani, mwendo wa pole, kama aliyebeba mtoto aliyelala ambaye mama yake ni mkali. Ukimsalimu kwenye ngazi hakuitika. Akishaitua trei mezani ndipo hurudi mlangoni na kusema, "Haya sasa, hamjambo? Hapo nilikuwa na wageni."

Mayai yenyewe hayakuwa ya kukaanga. Yalikuwa na mbegu, na kila moja lilikuwa na kifaranga kinachoanza. Aliyalaza kwenye mashine ya joto, akiyageuza na kuyamulika kwa taa mpaka aone ule uzi mwekundu unaopigapiga. Halafu akachukua kisu chembamba akakata dirisha kwenye ganda, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, bila kuuchana utando ulio chini yake. Kwenye utando huo mishipa ya damu hutambaa kama mizizi inayotafuta maji. Ukitaka kujua kama dawa fulani inaikuza au inaizuia, unalaza juu ya utando kijikaratasi cha duara chenye tone la dawa hiyo, unaziba dirisha kwa utepe mwangavu, unalirudisha yai kwenye joto. Baadaye unafungua, unainama kwenye hadubini, unahesabu mishipa iliyokielekea kijikaratasi. Basi. Ukiyaeleza kwa mdomo hata mtoto anaweza. Kwa mkono ni mambo mengine.

Hakuisomea kazi hiyo. Aliingia maabara kuosha vyombo vya vioo, na Profesa, yule wa mwanzo aliyeianzisha maabara, alimwona siku moja akipanga glasi nyembamba kama ganda la kitunguu bila hata moja kulia. "Wewe," akamwambia, "acha sabuni, njoo huku." Kwa Profesa alijifunza mayai, na hapo ndipo alipokutana na mwenzake wa kazi, mtu mrefu mwenye maneno mengi waliyemwita Redio. Redio alimkaribisha kwao siku ya mapumziko. Huko Bwana Mayai akamkuta dada wa Redio ameinamia cherehani, pini amezibana midomoni, na badala ya karibu akamwitikia kwa kichwa. Hakutoka tena kwenye nyumba ile, kama anavyosema Redio, mpaka walipompa huyo dada ili aondoke.

Sasa kanuni ya Profesa ilikuwa moja, naye hakuiandika popote. Aliisema tu, na waliisikia kila wiki kama adhana ya msikiti wa jirani: anayeweka tone asihesabu, na anayehesabu asiulize. Kila kazi ilikuwa na watu wawili. Redio aliweka matone, baadhi ya mayai yakapata dawa na mengine maji ya chumvi matupu. Bwana Mayai alihesabu bila kujua lipi ni lipi. "Jicho lina bosi wake," Profesa alikuwa akisema, "na huyo bosi anakaa kifuani. Usimpe habari kabla ya wakati."

Ajabu ni kwamba Redio, aliyeweza kukueleza jirani yako amekula nini kabla jirani hajanawa mikono, katika hilo alikuwa jiwe. Bwana Mayai alimjaribu kila namna.

"Shemeji, leo yale ya upande wa dirishani yana dawa, eh?"

"Upande wa dirishani kuna jua."

"Nakuuliza mayai."

"Na mimi nakujibu hali ya hewa. Hesabu, bwana, usinichoshe."

Wakacheka, wakahesabu, wakazeeka. Hivyo ndivyo watu walivyofanya kazi, wawili wawili, mmoja akimlinda mwenzake asijidanganye, na hakuna aliyeliona hilo kuwa tusi. Leo ukimwambia mtu nataka mwenzako akuangalie, anakuuliza kama unamshuku wizi.

Profesa alistaafu na baadaye akafariki. Aliyeshika nafasi yake alikuwa daktari mwanamke, kijana bado, mchapakazi, mwenye kusema haraka kama anayekimbilia basi. Wote walimwita Daktari. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema. Redio alipofikia umri wake akaagwa kwa soda na hotuba, na kiti chake hakikupata mtu. Wakuu wa juu walisema wanabana matumizi. Daktari akamjia Bwana Mayai akiwa na faili kwapani.

"Mzee, wewe mzoefu. Tone na kuhesabu, si utaweza vyote?"

Hapo ndipo angesema. Maneno ya Profesa alikuwa nayo kooni, yamefika mpaka kwenye meno. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu afike mahali pale kuambiwa kwamba anaweza vyote. Miaka yote alikuwa nusu ya mtu, jicho la jozi. Akajinyoosha.

"Nitaweza, Daktari. Kwani ni nini?"

Kazi ya Daktari wakati huo ilikuwa juu ya vipokezi. Alimweleza vizuri, kwa kuchora ubaoni, na Bwana Mayai aliyashika maneno yale akayapeleka nyumbani mazima. Kila seli ya mshipa wa damu ina vipokezi vilivyochomoza kwenye ngozi yake kama masikio. Mwili ukitaka mshipa uote, hutuma ujumbe. Ujumbe ukinasa kwenye kipokezi, seli inaamka, inagawanyika, inasonga mbele, na mshipa unarefuka. Ila kipokezi hakikai uchi. Kimening'iniza minyororo midogo ya sukari, na ncha za minyororo hiyo zikibadilishwa kikemia, usikivu wake nao unabadilika. Kipokezi ni kilekile, ujumbe ni uleule, lakini seli inakuwa kama mtu aliyevuta kofia mpaka masikioni. Tone la Daktari lilikusudiwa kuzivika ncha hizo kofia, ili seli zisisikie wito na mishipa isiote.

"Kuna magonjwa," Daktari alisema, "ambayo mishipa inaota mahali isipotakiwa. Kwenye uvimbe. Nyuma ya jicho."

Aliposema nyuma ya jicho, Bwana Mayai alikaa chini.

Mkewe alikuwa na kisukari cha siku nyingi. Kwanza alianza kumwomba amtungie uzi kwenye sindano, akisema taa ya siku hizi ni dhaifu. Kisha akashona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa kulia, yeye ambaye alikuwa akikata kitambaa bila chaki. Mteja alidhani ni mtindo mpya akashukuru, na mama, kama mumewe alivyomwita, alikaa siku nzima amenuna kwa sababu ya shukrani hiyo. Daktari wa macho alimtazama kwa taa yake akasema kwamba nyuma ya macho yote mawili kunaota mishipa mipya, myembamba, isiyo na nguvu, na siku yoyote itapasuka na kuvuja. Tiba aliyokuwa nayo ilikuwa leza. Ingechoma pembeni ili kuokoa katikati. Atapoteza kidogo kwenye kingo, na kwenye giza hataona kama zamani.

Walirudi nyumbani. Mama akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona.

"Wewe ndiye unayeshinda na mishipa kutwa," akamwambia mumewe. "Nichomwe?"

Jibu lake alikuwa nalo tayari, kwa kuwa mchana wa siku hiyo, kabla ya kwenda hospitali, alikuwa ameinama kwenye hadubini. Mayai yasiyo na dawa mishipa ilikuwa imejaa, inakimbilia kijikaratasi kutoka kila upande. Mayai yenye dawa ya Daktari ilikuwa michache, imekwama njiani. Aliona kwa macho yake. Na wiki iliyotangulia aliona. Na ile ya nyuma yake.

"Subiri kidogo," akasema. "Tone letu linazuia, mama. Nimeliona. Leza ikishachoma imechoma, lakini hili litakuwa la kudondosha tu."

"La nini hilo tone?"

Akamweleza vipokezi, minyororo, sukari kwenye ncha. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Yaani sukari ndiyo inanila macho, na ninyi mnataka kunitibu kwa sukari? Hao wasomi wako wana utani na mimi?"

"Si sukari hiyo. Hii ni nyingine kabisa. Haiingii hata kwenye chai."

"Basi haina faida," akasema, wakacheka, na katika kicheko hicho jambo likaamuliwa. Alisubiri. Kila jioni mumewe akirudi alimwuliza, "Zimesema nini kofia zenu?" naye akajibu, "Zinakaza." Alimwuliza pia Daktari, kwa mzunguko, lini tone litafika kwa watu. Daktari akacheka kwa upole akasema kutoka kwenye yai mpaka kwa mtu ni safari ndefu, mzee, bado hata hatujafika kwa panya. Bwana Mayai alisikia neno safari. Neno ndefu halikuingia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo aliyokuwa anayaumiza hayakuwa yake.

Daktari alipeleka matokeo yale kwenye mkutano wa mbali na yakapokelewa vizuri. Yakapokelewa vizuri mno. Watu wa maabara nyingine wakatamani kuyarudia, na mmoja wa waliotamani, mtaalamu mpole mwenye miwani, aliirudia kazi hiyo huko kwao mara nyingi bila kuona tofauti yoyote. Akaandika kwamba labda kuna jambo la mikono asilolijua, angependa kuja kutazama. Daktari akamkaribisha.

Mgeni huyo alisimama nyuma ya Bwana Mayai asubuhi nzima, mikono mgongoni. Alisifu dirisha. Alisema hajaona ganda linalokatwa safi namna hiyo. Bwana Mayai akajisikia vizuri, akaanza hata kumwonyesha namna ya kupumua wakati wa kukata.

"Samahani, baba," mgeni akasema, "tone anaweka nani?"

"Mimi."

"Na kuhesabu?"

"Mimi."

Mgeni akasema, "Ah."

Hakucheka wala hakumtazama Daktari. Lakini Daktari aliacha kuandika, na uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Bwana Mayai alirudia baadaye, kwa yeyote aliyekubali kumsikiliza, kwamba angevumilia kutukanwa, lakini ile "Ah" haikuwa na mahali pa kuishika ili uirudishe.

Mgeni alipotoka kwenda kula, Daktari alifunga mlango.

"Mzee, kwa nini hukuniambia kwamba zamani mlikuwa wawili kwa sababu hiyo? Nilidhani ni kugawana kazi tu."

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje nisichokijua?"

"Umesoma wewe, Daktari. Mimi nimeosha vyombo."

Lilikuwa jibu baya, naye alilijua. Wote wawili walikuwa na haki ya kukasirika na wote wawili walikuwa na makosa, na hakuna ugomvi unaochosha kama huo. Kanuni ya Profesa ilikuwa imepotea katikati yao: mmoja aliijua akanyamaza, mwingine alikuwa na cheo cha kuirudisha lakini hakuijua. Siku hizi mtu anarithi ofisi na kiti na ufunguo wa kabati. Sababu za mambo hazimo kabatini.

Wakakubaliana kurudia kazi yote kwa njia ya zamani. Na kwa kuwa hapakuwa na mkono mwingine uliojua kulaza kijikaratasi bila kuutoboa utando, wakamwita Redio kutoka kwenye kustaafu kwake. Alikuja na koti lake jeupe la zamani lisilofunga tena tumboni, akisalimia kila mlango, akiuliza nani ameoa na nani ameachwa. Kisha akaingia chumba cha ndani na mgeni, wakafunga, wakaweka matone. Wao wawili tu ndio waliojua.

Siku moja kabla ya kuhesabu, mayai yakiwa bado kwenye joto, Bwana Mayai alimkuta Redio amekaa kwenye ngazi za nyuma anakula karanga.

"Shemeji."

"Karibu. Zinakaribia kwisha, lakini karibu."

Akakaa. "Kesho nahesabu."

"Najua."

"Utakuwepo chumbani?"

"Nitakuwepo. Mgeni amenikubalia, nikae nyuma."

"Basi nikifika kwenye lenye dawa, wewe kohoa. Kidogo tu. Hata kusafisha koo."

Redio akaacha kutafuna. "Umri huu unaniomba nini wewe?"

"Siombi uongo. Tone linafanya kazi, nimeliona tangu mwaka jana. Ila kesho watu watakuwa wamenisimamia, macho yatatetemeka, naweza kukosea. Nataka tu nisikosee."

"Ukikosea utakuwa umekosea. Ndiyo kuhesabu huko."

"Ni dada yako, bwana!"

"Usinifundishe dada yangu. Nimembeba mgongoni huyo, wewe ukiwa hujui hata njia ya kwetu inaanzia wapi." Akakung'uta maganda ya karanga mapajani. "Kwani yeye anaingiaje kwenye mayai? Si alichomwa ile leza?"

Bwana Mayai alitazama ukuta.

"Nakuuliza. Alichomwa, hakuchomwa?"

"Nilimwambia asubiri."

"Asubiri nini?"

"Hili."

Redio akaiweka chini karatasi ya karanga. Alisimama. Alishuka ngazi mbili, akarudi.

"Sikohoi," akasema. "Kwa ajili yake ndiyo sikohoi. Kama nyinyi wawili mmeyaweka macho yake kwenye hayo mayai, basi angalau mmoja wetu ayaambie ukweli." Akaondoka, na karanga akaziacha.

Siku ya pili Bwana Mayai alihesabu. Yai la kwanza lilikuwa na mishipa mingi. Akajiambia, hili la maji ya chumvi. La pili michache. Moyo ukaruka, akasema lenyewe hili. Nyuma yake hakuna aliyekohoa. Akaendelea. Ndipo kwenye yai moja alipofika kwenye mshipa mwembamba sana, kama kivuli cha unywele, akasita. Uhesabiwe au usihesabiwe? Mkono wake ulikuwa na jibu, na jibu hilo lilitaka kwanza kujua yai hili ni la upande gani. Alikaa na jicho kwenye kioo muda mrefu, na akaona, waziwazi kuliko alivyopata kuona mshipa wowote, alichokuwa akifanya miezi yote ile. Kivuli kama hiki kwenye yai la maji ya chumvi alikiita mshipa. Kwenye yai la dawa alikiita kivuli. Hakuwahi kudanganya hata siku moja. Kila hesabu aliitoa kwa moyo safi, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa, kwa kuwa moyo ndio uliokuwa ukihesabu. Kipenda roho hula nyama mbichi. Chake kilikula na mifupa.

Alihesabu mpaka mwisho. Mgeni akafunua lipi lilikuwa lipi. Mayai yenye dawa na yasiyo na dawa yalikuwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, huwezi kuyatenganisha.

"Dawa imechacha," Bwana Mayai akasema. "Imekaa sana kwenye friji."

"Nimeitengeneza wiki hii, mzee," Daktari akasema.

"Basi mashine ya joto. Ile ya zamani ilikuwa na joto la kutulia."

"Mzee."

"Turudie."

Wakarudia, kwa heshima yake. Ikawa vilevile. Vipokezi vilivishwa kofia zao kweli, Daktari alithibitisha hilo kwa vipimo vingine: minyororo ya sukari ilikuwa imebadilika kama alivyokusudia. Ila mishipa haikujali. Ilisikia kupitia kofia, au ilikuwa na masikio mengine, hakuna aliyejua. Daktari hakulia wala hakugomba. Aliandika barua ya kuyafuta matokeo yake ya kwanza, akaweka jina lake mwenyewe chini, na jina la Bwana Mayai hakulitaja. Huo ulikuwa uungwana, lazima ukubaliwe, hata na mtu ambaye hapendi kuukubali.

Lakini kilichofuata ndicho kilichomkaa Bwana Mayai kooni mpaka leo. Ungedhani watasema, turudishe watu wawili, kidole kimoja hakivunji chawa. Wakuu wa juu hawakusema hivyo. Walisoma barua wakaelewa kwamba jicho la mtu halifai. Wakaagiza kamera yenye kompyuta ya kuhesabu yenyewe. Badala ya kumrudisha mtu wa pili, wakamwondoa na wa kwanza. Daktari alimwita akamweleza kwamba kazi ya madirisha ipo, akipenda anaweza kubaki kukata maganda.

"Nikate nisitazame?"

"Utatazama, mzee, ila—"

"Nimeelewa."

Alivua koti akalitundika. Redio alimngoja nje, wakatembea mpaka kituoni, na walipofika Redio akasema, "Umwambie leo. Usipomwambia leo, namwambia mimi, na mimi unanijua nikifungua mdomo."

Alimwambia jioni hiyo, mama akiwa anapapasa upindo wa suruali ya mtu kwa ncha za vidole, siku hizi alishona hivyo. Alimwambia yote, hata lile ombi la kukohoa. Mama hakunyanyua uso. Alimaliza upindo, akakata uzi kwa meno.

"Siku zote ulikuwa ukiniambia macho yako hayakosei," akasema. "Sasa humu ndani tumebaki na macho ya nani?"

"Mama—"

"Kesho unipeleke nikachomwe. Na njiani usinieleze kitu. Nimechoka kuelezwa."

Alimpeleka. Daktari wa macho alitazama jicho la kulia, akatazama tena, akazima taa yake. Mshipa ulikuwa umeshavuja. Kwenye jicho hilo palikuwa na wingu ambalo leza haikuweza kulipenya. La kushoto lilikuwa bado linafaa kuchomwa. "Mngekuja wakati ule," akasema, bila ukali, akiandika. Bwana Mayai alitamani akaripiwe. Alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kazi ya kungoja na kutazama, na hakuna aliyekuwa tayari hata kumgombeza kama mtu mzima aliyeharibu.

Kliniki ya macho iko uwanja mmoja na maabara, jengo la pili. Siku ya leza walikaa kwenye benchi la korido wakingoja kuitwa, mama amefungwa kitambaa jicho la kulia, la kushoto limetiwa dawa ya kupanua mboni, haoni ila mwanga na vivuli. Upande wa pili mlango ukafunguka wakapita Daktari na mgeni mwenye miwani, ambaye sasa hakuwa mgeni tena bali mwenzake wa kazi, na nyuma yao wapagazi wakisukuma sanduku kubwa lenye picha ya kamera, kwenye magurudumu. Daktari alimwona akasimama.

"Mzee! Hujambo? Na huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Shikamoo mama. Mzee alikuwa akikutaja sana kazini."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, akanyoosha mkono kuelekea sauti, lakini aliupeleka kando, kwenye nafasi tupu kati ya Daktari na sanduku. Daktari akasogea akaufuata akaushika. Aliutazama uso wa mama, kitambaa, ile mboni iliyofunguka kama mlango. Bwana Mayai hakuwahi kumwambia habari ya kungojea. Akaona inamfikia hapohapo, bila kuelezwa. Daktari akafungua mdomo.

"Waambie waangalie hilo sanduku," mama akamkatiza, "nasikia gurudumu moja linalia."

"Ndiyo, mama," Daktari akasema.

Muuguzi akaita. Bwana Mayai akamshika mkewe kiwiko akamwinua, na alipogeuka mlangoni wale wengine walikuwa wameshafika mwisho wa korido, wapagazi wakipindua sanduku kwenye kona, mwenye miwani akiwaelekeza kwa mikono, na Daktari amesimama peke yake ametazama huku walikotoka, kiganja chake kimoja bado kimekunjuliwa. Kisha kona ikawachukua. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwaona.